Nilizikalia Salamu za Mgonjwa

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Tanga na mkazi wa Ilford, mashariki ya London. Wanaonijua wanasema nina mdomo, kwamba hakuna habari ya mtaa huu isiyopitia kwangu kwanza. Sikatai! Lakini ipo habari moja niliyotakiwa kuitoa upesi, nami nikaifumbia mdomo siku mbili. Hiyo ndiyo nataka kuwasimulia, wasomaji wenzangu, maana nimechoka kuibeba peke yangu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mjomba wangu alikuwa na nyumba ndogo ya wageni kule Unguja, na Wahispania walikuwa wameanza kuja kwa wingi. Wakifika wanaongea kwa mikono, naye anawajibu kwa mikono! Akaamua kwamba mmoja katika familia lazima akasome Kihispania. Mimi ndiye niliyekuwa nimemaliza kidato cha sita na nipo tu nyumbani, basi nikachaguliwa mimi.

Watu huniuliza, hivi Kihispania nacho husomewa London? Ndiyo. Chuo kimoja cha kusini ya jiji kilikuwa na kozi ya mwaka mmoja, na kilimpeleka kila mwanafunzi kuishi na familia inayozungumza lugha hiyo, ili asipate pa kukimbilia. Mimi nikapelekwa Peckham, ghorofa ya nne ya jengo refu la matofali, kwa mjane aliyeitwa Señora Remedios, yaani Bi Remedios.

Señora alitoka kijijini kwao, kaskazini ya Hispania, akiwa bado msichana, akaja London kusafisha maofisi. Mpaka mimi naingia nyumbani kwake alikuwa bado anayasafisha. Mumewe alikuwa amefariki. Binti yake wa pekee, Consuelo, alikuwa ameolewa na kuhamia mji mwingine, akija kumwona mama yake kila Jumamosi.

Nilimwogopa kwa siku tatu tu. Nilipomweleza kwamba sili nguruwe, hakuniuliza swali hata moja. Kesho yake alirudi na kikaango kipya, akafunga uzi mwekundu kwenye mpini, akaniambia hiki ni chako, soseji zangu hazitakigusa. Jina langu ni Mwanahamisi, lakini lilimshinda, akaishia kuniita Mwana. Hakujua kwamba kwetu alikuwa ananiita mtoto... na sikumwambia, kwa vile nilipenda.

Maisha ya nyumba ile yalikuwa ya ajabu kwangu. Chakula cha jioni saa tatu! Kwetu saa hizo vyombo vimeshaoshwa. Na ukishakula huondoki mezani, mnakaa, mnazungumza, mnabishana, mpaka chai inapoa. Nikimenya viazi nivitaje kwa Kihispania, nikianika nguo nizitaje. Nikichanganya na Kiingereza anajifanya kiziwi, anaangalia dirishani mpaka nirudi kwenye njia. Nililia sana miezi ya kwanza, nisiwafiche. Baridi, giza la saa kumi jioni, na kichwa kimejaa vitenzi! Lakini nikilia Señora alinikalisha jikoni akanipa kisu na vitunguu, akisema afadhali nilie nikiwa nafanya kazi.

Jumamosi nilimpeleka kwenye maduka ya Waafrika pale Peckham. Nikamwonyesha mihogo, ndizi za kupika, tui la kopo. Siku moja nikampikia maharage ya nazi. Alikula sahani mbili, akafuta mdomo, akasema kwamba kama kwao wangekula chakula kama kile labda wasingegombana.

Hapo ndipo nilipojua habari za dada yake.

Dada huyo aliitwa Asunción, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Aliuza nyumba ya wazazi bila kumuuliza mdogo wake aliyekuwa London. Señora alipopata habari alipiga simu, wakatukanana, akakata. Tangu siku ile ilikuwa imepita miaka tisa bila neno. Kila Krismasi Señora aliandika kadi, akaitia kwenye bahasha, akaibandika stempu... kisha akaiweka kwenye droo ya vijiko. Nilizihesabu mwenyewe nilipokuwa natafuta uma. Zilikuwa tisa!

Basi ikafika wiki ya mtihani wangu wa mwisho, mtihani wa kuzungumza. Ulikuwa Ijumaa asubuhi. Nikianguka, narudi nyumbani mikono mitupu, na mjomba aliyejinyima mwaka mzima kwa ajili yangu nitamwambia nini?

Alhamisi, saa nane mchana, nilikuwa peke yangu nyumbani nikikariri. Señora alikuwa kazini. Simu iliyokuwa ukutani kwenye korido ikalia. Zama zile simu za mkononi hatukuwa nazo, simu ikilia ndani anapokea aliyepo.

Alikuwa Anselmo, mtoto wa Asunción, akipiga kutoka hospitali ya huko kwao. Alizungumza pole pole alipogundua mimi ni mgeni wa lugha, nami nilimwelewa neno kwa neno. Mama yake alikuwa amelazwa. Madaktari walikuwa wamesema siku zilizobaki ni chache, labda mbili, labda tatu, ila bado anazungumza vizuri. Alimtaka mdogo wake. Kama hawezi kuja, basi apige simu wodini, wauguzi watamletea mgonjwa kitandani. Alinipa namba, nikaiandika nyuma ya daftari langu. Kisha akasema, na sauti yake ikakatika, nimwambie shangazi... sisi tungemwita mama mdogo... nimwambie kwamba mama amesema ile habari ya nyumba imekwisha, kosa lilikuwa lake, anachotaka ni kusikia sauti ya mdogo wake basi.

Nikamwambia nitamfikishia. Akanishukuru, akaniita binti mwema.

Wasomaji wenzangu, hapa lazima nieleze tulivyolelewa, maana bila hilo mtaniona mwehu. Bibi yangu alipofariki nilikuwa shule ya bweni Korogwe. Baba mdogo alikuja kunichukua, akasema mama yako anakuhitaji kidogo. Njiani akaninunulia chipsi mayai, akanitania, tukacheka njia nzima. Nilipofika na kuona mikeka na watu wamejaa uani, ndipo wanawake wakanishika huku na huku na kuniambia. Sikuona kwamba nimedanganywa. Niliona nimependwa! Kwetu msiba hautupwi kwa mtu kama taka dirishani. Mtu kwanza ale, apumzike, awepo mkubwa wa kusema na wa kumshika. Na mtoto hasemi kabisa.

Kwa hiyo nilipoweka simu chini, jambo la kwanza lililonijia halikuwa kumtafuta Señora kazini kwake, ingawa namba ya ofisi ilikuwa imebandikwa palepale ukutani. Lililonijia lilikuwa, nani atamwambia? Nikampigia Bi Salma, muuguzi wa Mombasa aliyekuwa akikaa Ilford, ambaye mama alinikabidhi kwake nilipokuwa nakuja. Nikamweleza yote.

Bi Salma hakusita. "Weye usithubutu!" akaniambia. "Wewe ni mtoto, tena mgeni kwa hiyo nyumba. Utampa shock, aanguke hapo, utafanya nini? Ngoja daughter wake aje Saturday, yeye ndiye next of kin. Atamkalisha, atamwambia taratibu. Na una exam kesho, concentrate."

Nikashusha pumzi. Unajua ile raha ya kuambiwa na mkubwa jambo ambalo moyo wako ulishaliamua? Nikarudi kwenye vitabu vyangu.

Señora alirudi saa kumi na moja, mashavu mekundu kwa baridi. Alitupa viatu, akavaa ndala zake, akasema leo tunafanya mazoezi mpaka nitakapoota kwa Kihispania. Alijifanya yeye ndiye mtahini. Alikaa wima, akavaa miwani, akaniuliza habari za mji wangu, kazi ninayotaka, familia yangu. Nilijibu vizuri. Katika mtihani ule mwanafunzi naye alitakiwa kuuliza maswali, basi nikauliza lile nililolikariri, bila kufikiri.

Nikamuuliza, "Na wewe Señora, una ndugu?"

Alivua miwani. Akasema anaye mmoja, mkubwa wake, na kwamba siku hizi anamwota sana. Akaniuliza kama kwetu ndoto za namna ile zina maana.

Mungu wangu! Lango lilikuwa wazi kiasi gani tena? Nilichotakiwa ni kufungua mdomo tu. Daftari lenye namba ya wodi lilikuwa mezani, chini ya kiwiko changu. Nikasema sijui mambo ya ndoto. Akatikisa kichwa, akavaa miwani, tukaendelea na vitenzi.

Ijumaa alitoka alfajiri kwenda kazini, nami nikaenda chuoni. Mtihani niliuweza kama maji ya kunywa. Mtahini alinisifu kwamba nazungumza kama mtu aliyelelewa kwenye jiko la Kihispania. Wenzangu walinikumbatia. Mimi nilichukua koti langu nikaondoka.

Jioni Señora alikuwa amepika mayai kwa viazi, chakula cha kwao, kwenye kikaango changu, amewasha mshumaa mezani, amevaa gauni la kwenda kanisani. Yote kwa ajili yangu! Alinibusu mashavu yote mawili akasema ameshinda mtihani pamoja nami.

Sasa nijibuni nyie. Mtihani ulikuwa umekwisha, nilingoja nini tena? Nitawaambia ukweli ambao hata Bi Salma sikuwahi kumwambia. Niliogopa ataniuliza swali moja, kwamba wamepiga simu lini. Nikisema Alhamisi, atajua kwamba nilimtazama usoni jioni nzima, nikamtumia kwa mazoezi, nikala chakula chake. Basi ile mila ya kwetu nikaishika kwa mikono miwili. Kesho Consuelo atakuja, nilijiambia, kesho, kesho...

Consuelo alizoea kufika saa tano. Simu ililia saa mbili.

Nilikuwa bafuni. Nilipotoka, Señora alikuwa amesimama kwenye korido, simu sikioni, mkono mwingine umeshika ukuta. Alisikiliza, akasikiliza... Kisha akanigeukia taratibu, uso wake mweupe kama unga.

"Alhamisi?" akaniuliza.

Neno hilo hilo tu. Nikainamisha kichwa.

Asunción alikuwa amefariki alfajiri ile. Anselmo alisema kwamba Alhamisi yote mama yake aliomba simu iwekwe karibu. Ijumaa Anselmo alipiga tena mara mbili, nyumba haina mtu, mmoja yuko kazini, mwingine yuko kwenye mtihani wake! Jioni hakupiga tena. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemkataza. Alisema, mwache, kama hajapiga mpaka sasa basi bado ana hasira, na ana haki.

Mmelisikia hilo? Alikufa akiamini kwamba mdogo wake amemkatalia. Na mdogo wake wakati huo alikuwa anawasha mshumaa kusherehekea mtihani wangu.

Señora hakunipiga, hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alikwenda jikoni, akafungua droo ya vijiko, akatoa zile kadi zote, akazipanga mezani, akakaa akizitazama.

Consuelo alipofika ndiye aliyepiga kelele. Nilijaribu kumweleza desturi yetu, kwamba nilikuwa namngoja yeye, mtu wa damu, aje amwambie mama yake kwa upole. Kihispania changu chote kilinitoroka, nikawa nabwabwaja kama siku niliyoshuka kwenye ndege. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, nani aliyekupa wewe kazi ya kumpimia mama yangu anachoweza kubeba? Alimzika baba yangu! Alivuka bahari peke yake ana miaka kumi na minane! Wewe ukamwona hawezi kupokea simu?

Nilirudi chumbani kwangu nikafunga mlango.

Mchana ule Bi Salma, niliyekuwa nimempigia simu, alifika kutoka Ilford, treni na mabasi mawili, amebeba sufuria la pilau ya kuku limeviringishwa kwenye taulo. Ndivyo tunavyojua sisi, kwenye msiba unakwenda na chakula. Consuelo alifungua mlango, akamtazama, akaufunga. Bi Salma alisimama kwenye korido ya ghorofa ya nne na sufuria lake, mama mtu mzima, jasho linamtoka kwenye baridi. Nilipotoka kumwona alikuwa analia. "Nilikupa advice mbaya, mwanangu," alisema. "Nilisema vile ningemwambia mtoto wangu." Nikamwambia asijilaumu. Lakini wasomaji, nilimwachia ajilaumu kidogo, kwa sababu ilinipunguzia mzigo. Ndivyo nilivyokuwa mimi.

Señora na binti yake walisafiri kesho yake. Dada alikuwa ameshazikwa walipofika, huko nao hawakawizi maiti. Nilibaki nyumba ile peke yangu siku kumi. Sikupika kitu. Nilikula mkate mkavu, nikakaa sakafuni kwenye korido chini ya simu, kama mtu anayengoja ilie tena Alhamisi ile ile. Nilifungasha nguo zangu, maana nilijua nitafukuzwa.

Aliporudi alikuwa peke yake, amevaa nyeusi mpaka soksi. Aliona sanduku langu mlangoni, akalipita. Alivua koti, akakaa mezani, akanionyesha kiti cha mbele yake. Akaniambia nimweleze alichosema Anselmo siku ile. Si maana yake, maneno yenyewe.

Nikamwambia. Mwambie mama amesema ile habari ya nyumba imekwisha. Kosa lilikuwa lake. Anachotaka ni kusikia sauti ya mdogo wake basi.

Alifumba macho. Akasema, sema tena.

Nikasema tena.

Sema tena, Mwana.

Sijui nilirudia mara ngapi. Sauti ilinikauka. Alikuwa akitingisha midomo pamoja nami, kama mtu anayejifunza. Mwisho akaniuliza, Anselmo alisema "mdogo wake" au alisema jina langu? Nikamwambia alisema mdogo wake. Hapo ndipo alipolia, kichwa juu ya meza, kilio cha mtoto aliyeachwa. Nilinyoosha mkono nimshike, maana kwetu mtu halii peke yake. Akauondoa mkono wangu taratibu, bila ukali, kama anavyoondoa mtu nywele usoni.

Aliniambia kwamba hanichukii. Alisema amejaribu kunichukia siku kumi na imemshinda. Lakini kila akiniona atasikia simu ikilia na yeye hayupo, kwa hiyo niende. Aliufungua uzi mwekundu kwenye mpini wa kikaango, akakiosha, akakikausha, akakiweka kwenye sanduku langu pamoja na nguo. Nikaondoka Peckham nikiwa na kile kikaango na cheti chenye alama za juu kuliko wote darasani.

Kwa mjomba sikurudi. Nilimwandikia kwamba nimepata kazi ya kulea watoto. Alikasirika sana, na alikuwa na haki. Kihispania nilikiacha. Siku hizi nikikisikia kwenye basi nahamia kiti kingine. Nilimwandikia Señora kwa miaka mingi, hakujibu hata mara moja, hadi barua moja ikarudi imeandikwa kwamba haishi tena pale. Consuelo sijui alipo. Kama Señora yu hai au amekufa sijui, wala sina wa kumuuliza.

Watoto wangu nimewasimulia kisa hiki. Wananielewa kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, na mkubwa aliniuliza, "But Mum, why didn't you just tell her?" Nikipiga simu Tanga nawaambia ndugu zangu, jamani, mtu akiugua msinifiche. Wananiambia sawa dada, wote wazima. Nami najua kuna wanachonificha, na najua wananificha kwa mapenzi, na ninaogopa.

Sisemi mila zetu ni mbaya. Mikono ile iliyonishika uani kwa bibi bado naihisi mabegani. Lakini ile ilikuwa habari ya aliyekwisha kufa. Mimi niliifanyia hivyo habari ya mtu aliyekuwa hai, amelala anatazama simu! Na chini ya mila nilificha mtihani wangu, na chini ya mtihani nikaficha woga wangu.

Nawasihi, dada zangu na kaka zangu. Ukipokea simu na ujumbe si wako, mpe mwenyewe. Usimpimie nguvu zake, usingoje mkubwa, usingoje Jumamosi. Mpe akiwa na njaa, mpe akiwa peke yake, mpe akiwa bado mlangoni hajavua koti. Atalia, ndiyo. Lakini atalia akiwa bado ana mtu wa kumpigia.